Maharagwe ya Kuhesabia Mwewe

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na wanaonijua watakwambia sina subira hata chembe. Mtoto akiniambia saba mara nane ni hamsini na nne, naumia kama niliyekanyagwa kidole. Ndiyo maana walimu wenzangu hucheka nikiwaambia kwamba katika miaka ya tisini nilikaa misimu miwili mizima juu ya kilima, upande wa Shinyalu, nikiandika hesabu za mwanamke ambaye hakukubali kutamka idadi ya ndege hata mara moja. Wacha wacheke. Nimefanya kazi na watu wengi wenye vyeti, na sijapata kumheshimu yeyote kama nilivyomheshimu yule mama.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kujitolea. Kila mwaka masika yanapokaribia, ndege wakubwa wa kuwinda, yaani tai, mwewe, kozi na jamaa zao, waliokuja huku kwetu kukimbia baridi, huanza kurudi kwao Ulaya na Urusi. Baadhi yao hupita juu ya vichwa vyetu, wakifuata ule ukingo wa Nandi unaouona ukitazama mashariki, kwa sababu pale upepo hugonga ukuta wa mlima na kuwabeba juu bila wao kupiga bawa. Barua ilitoka kwa wasomi wa ndege wa Nairobi kwenda kwa mwanamume mmoja wa makamo aliyekuwa akitembeza wageni katika msitu wa Kakamega, ikiuliza kama anaweza kupata watu wa kuwahesabu ndege hao kila Jumamosi na Jumapili, kuanzia Machi hadi mwisho wa Aprili. Akanifuata shuleni, akanikuta nasahihisha madaftari.

"Madam, wewe si ndiye wa hesabu?"

"Ndiye."

"Basi uko na kazi. Malipo hakuna, lakini upepo ni mzuri."

Tulianza watu tisa. Jumamosi ya kwanza ilikuwa kama harambee, watu wamevaa kofia, wameleta viazi vitamu na thamosi za chai, kila mmoja anataka kushika ile darubini moja tuliyopewa. Jumamosi ya tatu mvua ilitunyeshea mpaka soksi zikalia, na iliyofuata tulikuwa wawili tu, mimi na mtembeza wageni. Yeye alitazama na kutaja ni ndege gani, mimi nilishika kidude kidogo cha chuma cha kuhesabia, unakibonyeza na namba inapanda. Nilijiona mtu wa maana sana.

Ndipo akatokea mama huyu. Nyumba yake ilikuwa chini kidogo ya kilima, nasi tulipita kando ya ua wake kila tukipanda. Alifuga kuku, akauza mayai na jogoo sokoni, na adui yake mkubwa duniani alikuwa mwewe. Mara nyingi tulimsikia akiwafukuza kwa kelele ambazo sitaziandika hapa. Siku hiyo alipanda mpaka tulipo, kanga kiunoni, akasimama akatutazama kwanza, kisha akatazama juu.

"Wanasema mnahesabu mwewe."

"Ndiyo, mama," mtembeza wageni akajibu.

"Ili muwapunguze?"

Tukamweleza kwamba hapana, tunataka tu kujua ni wangapi wanaopita. Mtembeza wageni akasema hawa si wale wanaokaa hapa, hawa ni wasafiri, wanakwenda mpaka Urusi, na wengi wao huku kwetu walikuwa wanakula kumbikumbi na panya. Mama akaguna.

"Huyo mkubwa pale anaenda Urusi na kifaranga wangu tumboni."

Nilicheka, yeye hakucheka. Aliketi juu ya jiwe. Kundi la mwewe, kama arobaini hivi, lilikuwa likizunguka juu ya msitu, linazunguka na kupanda kama uji unavyokorogwa. Nikaanza kubonyeza kidude changu kwa kasi. Mama akanitazama kidole, akatazama ndege, akanitazama kidole tena.

"Mwalimu, huyo umemhesabu mara nne."

"Yupi?"

"Huyo ako na bawa limetoboka. Amepita hapo mbele yako mara nne, na wewe umebonya mara nne." Kisha, kama anayemsaidia mtoto, akaongeza: "Wakizunguka, waache. Wakifika juu watatoka kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine. Hapo ndipo unawashika. Hata kuku mimi siwaangaliangi wakiwa kwa uwanja, nawaangalia wakiingia mlango."

Nilikasirika, nisiseme uongo. Mimi, na cheti changu cha ualimu, nafundishwa kuhesabu na muuza mayai! Lakini ndege wakafika juu, na kweli wakatoka kwa mstari, wakateleza kuelekea kaskazini bila kupiga bawa, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba kuna mlango pale angani. Mtembeza wageni akanitazama kwa upande na kukohoa. Nilirudisha namba kwenye sufuri nikaanza upya.

Jumapili yake akaja tena, amebeba maharagwe mekundu katika mfuko wa aproni na bati tupu la mafuta ya kupikia. Nikamuuliza ya nini. Akasema atatusaidia, kwa sababu kutuona tukikosea kulimkera kuliko mwewe wenyewe, ila hatatamka namba. Kwao kitu chenye uhai hakihesabiwi kwa mdomo wala kwa kidole. Mwenye ng'ombe anajua ng'ombe wake, lakini hasimami kwenye boma na kusema mmoja, wawili, watatu. Hilo nililijua, mimi pia nimezaliwa huku, ingawa shule ilinitoa humo kitambo. Alichofanya ni hiki: kila ndege akitoka kundini, alitupa haragwe moja ndani ya bati, macho yakiwa juu, mkono ukifanya kazi peke yake. Tak, tak, tak. Kundi likiisha, alimimina maharagwe katika kipande cha jani kavu la mgomba, mtembeza wageni akatia karatasi yenye saa na jina la ndege, mama akafunga kwa uzi wa jani hilohilo. Jioni mimi ndiye niliyefungua vifurushi na kuhesabu.

"Na maharagwe yanahesabika?" nilimchokoza.

"Maharagwe hayana mama. Hesabu tu."

Ndege aliyepita peke yake hakumshughulisha. Alisema huyo ana safari yake mwenyewe, na akamwachia mtembeza wageni amwandike. Yeye alikuwa wa makundi.

Sijui nikuelezeje jinsi mwanamke yule alivyofanya kazi. Aliweza kukaa saa nne bila kuinuka. Jua likimpiga usoni, alishusha kanga kidogo juu ya nyusi na kuendelea. Alikuwa akiona ndege mimi nisiowaona hata kwa darubini, na mtembeza wageni akielekeza darubini alikoonyesha kwa kidevu, kwa sababu kidole hakukitumia, alikuta wapo kweli, vidoadoa kama pilipili manga. Mikono yangu ilichoka kwa kushika darubini, yeye shingo yake haikuchoka. Alisema tangu akiwa msichana kazi yake ilikuwa kutazama juu. Kumbe mtu anaweza kumchukia ndege miaka thelathini na chuki hiyo ikamfanya amjue kuliko sisi tuliosema tunampenda. Alijua mwewe wetu wa hapa kwa mkia uliopasuka katikati, akajua tai anayesafiri kwa jinsi asivyotazama chini. "Huyo hana haja na mtu," alikuwa akisema. "Huyo anataka kwao."

Mwisho wa msimu wa kwanza barua nyingine ilikuja. Ilisema msimu wa pili ukikaribia kwisha, bwana mmoja wa Nairobi, msomi wa ndege, angekuja kuona tunavyofanya kazi. Hesabu atakayoridhika nayo ingeingia katika kitabu kikubwa cha nchi nzima, na asiyoridhika nayo ingeachwa. Niliisoma barua kwa sauti pale kilimani. Mama alitupa ganda la kiazi kando.

"Mwalimu, mimi nataka kitu kimoja tu," akasema. "Vile nimeona, iandikwe vile. Mimi ni mtu wa kuambiwanga umeona vibaya. Sokoni, kwa chifu, hata nyumbani. Mara hii waandike vile nimeona."

Nikamwambia itaandikwa. Nilisema haraka, kama nisemavyo mambo mengi.

Msimu wa pili ulikuwa na siku moja ambayo mpaka leo sijaisahau. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo karibu wiki nzima, mchana kutwa, na ndege hawakuweza kusafiri. Walikaa tu msituni na kwenye miti ya mashamba, wamelowa, wakisubiri. Jumamosi hiyo kukapambazuka kweupe. Kufikia saa nne asubuhi ardhi ilikuwa inatoa mvuke, mashamba ya majani chai yanang'aa, na mtembeza wageni akasema polepole, "Jameni." Wote waliokwama wiki nzima walipanda kwa pamoja.

Sikuwahi kuona mbingu ikijaa namna ile, wala sijaona tena. Kundi juu ya kundi. Tai wa kahawia, wakubwa, wamechanganyika na wale wenye mabawa mapana tuliowaita mwewe wa Ulaya, na juu yao kozi wadogo wakipita kwa kasi. Nilibonyeza kidude mpaka kikakwama. Nikakipiga kwenye jiwe. Nikaanza kuhesabu kwa mdomo, mtembeza wageni naye akitaja majina kwa sauti, namba na majina yakagongana kichwani mwangu nikapotea, nikamfokea anyamaze, akanifokea niandike, na wakati tunafokeana kundi zima likapita. Nilitamani kulia, haki ya Mungu. Mwalimu wa hesabu, siku moja ya maana katika maisha yake, amepoteza hesabu.

Nikageuka. Mama alikuwa juu ya jiwe lake, hajatusikia hata neno. Tak, tak, tak. Jasho linamtiririka shingoni, mdomo umefumbwa, mkono unakwenda. Kundi likiisha alifunga jani bila kushusha macho na kuvuta jingine, na mtembeza wageni akarudi kwenye kazi yake ya kutia karatasi za saa na jina. Maharagwe yalipomwishia mfukoni alisema neno moja, "Maharagwe," nami nikateremka mbio mpaka nyumbani kwake nikachota mengine kwenye kibuyu, nikapanda mbio nikihema kama mbwa. Nadhani hiyo ndiyo kazi pekee ya maana niliyofanya siku ile. Saa nane wingu likafunga tena. Alishusha kichwa, akashika shingo kwa mikono miwili, akacheka peke yake.

"Leo wamepita," akasema. "Leo wameenda kwao."

Vifurushi vilikuwa thelathini na kimoja. Nilivifungulia mezani kwangu, na maharagwe yake yalijaza nusu gorogoro, lile bati la kupimia nafaka sokoni. Niliandika kila kundi katika daftari, saa yake na idadi yake, nikajumlisha mara tatu. Nilijivunia ukurasa ule kuliko jambo lolote nililoandika ubaoni.

Bwana wa Nairobi alikuja Jumamosi iliyofuata, siku za mwisho za msimu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini alikuwa mtu mpole, mwenye mvi kiasi na viatu vilivyotembea. Alimwamkia mama kwa heshima, akala kiazi chake bila kumenya vizuri, akasimamisha darubini yake kubwa yenye miguu mitatu. Akafungua daftari langu, akaufikia ukurasa wa siku ile kubwa, akakaa nao muda mrefu.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mama," nikasema. "Yote."

"Ikiwa ni kweli, hii ni siku kubwa sana." Kisha akasema atahesabu sambamba na mama asubuhi hiyo, makundi machache tu, wajilinganishe. Ndio utaratibu, akasema, hafanyi hivyo kwa ubaya. Mama akasema sawa, na akafuta bati lake kwa kanga.

Kundi la kwanza lilitoka. Bwana akaandika ishirini na nne. Nikafungua jani la mama: ishirini na tatu. Si neno. La pili, bwana hamsini na nane, mama hamsini na saba. La tatu lilikuwa dogo. Bwana tisa, mama nane. La nne, la tano, hivyohivyo.

Bwana alinivuta kando, lakini kilima hakina kando, mama alisikia. "Anafanya vizuri mno kwa mtu asiye na darubini," akasema. "Ila anapoteza mmoja kila kundi. Labda wa mwisho. Macho huchoka."

Moto ulinipanda. "Macho yake hayachoki!" nikasema, kwa sauti ile ya darasani. Mtembeza wageni akatazama viatu vyake. Mama alikuwa anakunja jani mikononi, analikunjua, analikunja tena. Umeona vibaya. Ndiyo hayo tena, na safari hii kutoka Nairobi, mbele yangu niliyemwahidi.

Lakini mimi ni wa hesabu, na hasira ilipotulia kidogo, jambo likaanza kunisumbua. Mtu anayekosea hukosea ovyo. Leo mmoja, kesho wanne, mara anapunguza, mara anaongeza. Katika kundi la hamsini na nane angekosa watatu, katika kundi la tisa asingekosa yeyote. Kosa la mama lilikuwa sawasawa kila mara, na hakuna kosa lenye adabu kama hiyo. Nikakumbuka pia siku moja niliona ndege watatu wakitoka, na ndani ya bati yakalia maharagwe mawili tu, nami nikajisemea wa tatu lazima alikuwa kunguru. Nikaenda nikachuchumaa mbele yake.

"Mama, huyo wa mwisho. Humwoni?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la kitoto.

"Namwona vizuri sana."

"Sasa mbona hana haragwe?"

"Namwachanga," akasema. "Kila kundi, mmoja namwacha. Huwezi kumaliza kuhesabu kitu kiko hai, Mwalimu. Ukimaliza umekifunga. Hata kuku wangu, wakiingia jioni, mmoja simwangalii. Hawa wako na njia mrefu kuliko kuku."

Mimi ndiye niliyedhani anawachukia! Misimu miwili mwanamke huyu alikuwa ametutukania mwewe kila asubuhi, na misimu miwili, kundi kwa kundi, alikuwa akiwafungulia mlango ili wafike.

Bwana wa Nairobi alikuwa amesikia yote, akafurahi, kwa kweli uso ulimng'aa. "Basi hakuna shida kabisa!" akasema. "Macho yake ni kamili. Makundi yalikuwa mangapi siku ile? Thelathini na moja. Tunaongeza mmoja kila kundi, thelathini na mmoja, na hesabu inatimia. Mwalimu, andika."

Na mimi, aibu iliyoje, nikaandika. Kalamu ilikuwa mkononi, hesabu ilikuwa rahisi, na ilikuwa njia ya kumwokoa. Nilikuwa nimeshaweka alama ya kujumlisha na tatu ya thelathini na moja wakati mama aliposimama.

"Mwalimu, usiandike hiyo."

"Mama, wasipoongezwa haitaingia kitabuni."

"Isiingie."

"Lakini ndicho ulichotaka! Iandikwe vile umeona!"

"Vile nimeona, si vile mnataka kufunga." Akaelekeza kidevu kwenye daftari. "Mwaka wa sensa karani alikuja kwangu. Kijana mzuri, nikampa chai. Akaniuliza watoto. Nikamtajia wote, mpaka yule mdogo. Akaandika sita, akapiga mstari chini. Kabla ya mavuno tukazika mmoja. Sisemi ni karani. Malaria ni malaria, daktari wa hospitali ya Mukumu aliniambia. Lakini ule mstari niliuona ukipigwa, na ni mimi nilimpa namba."

Upepo uligeuza ukurasa wa daftari, nikauzuia kwa kiganja.

"Mkiandika hao, mimi siji tena hapa," akasema. "Maharagwe yenu mtatupa wenyewe."

Bwana akavua miwani akaifuta. Alisema kwa upole kwamba anamwelewa, anampa pole sana, lakini kitabu hakiwezi kupokea hesabu ambayo kila mtu anajua imepungua. Ama itimie, ama iachwe. Alisema anasikitika kuiacha siku kama ile. Nilimwona anasikitika kweli. Nilitaka kumpiga na darubini yake.

Mama alikaa akimtazama, si kwa ubaya. Akaanza kurudisha maharagwe mfukoni, na alipomaliza akamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani kabla ya kuagana:

"Na wewe, baba, uko na watoto wangapi?"

"Wako, mama," akajibu. "Wako salama, Mungu anatusaidia."

Alijibu upesi, kama anavyojibu mtu yeyote aliyelelewa vizuri, na kisha, miwani ingali mkononi, akajisikia mwenyewe kwamba hakutaja namba.

"Basi na hawa wako salama," mama akasema. "Waache hivyo."

Bwana alisimama akitazama kaskazini walikopita, ingawa hakukuwa na ndege hata mmoja. Halafu akanyoosha mkono nikampa daftari. Akakata ile alama yangu na ile tatu, akafungua kitabu chake, akanakili siku nzima ya mama, kundi kwa kundi, vilevile ilivyokuwa. Alipofika chini ya safu ya mwisho akaacha bila kupiga mstari.